Peku Polonnaruwa

Ipo miji ya kale inayotaka miguu, kwa sababu vichochoro vyake ni vyembamba na habari zake zimechongwa kwenye milango. Polonnaruwa, katika nyanda kavu za Sri Lanka, ni mji wa baiskeli. Mahekalu yake yametawanyika msituni kwa kilomita kadhaa, kusini hadi kaskazini, ardhi ni tambarare, na njia za ndani zina kivuli. Ukienda kwa gari utakuwa unashuka na kupanda kama kondakta wa daladala. Ukienda kwa miguu, adhuhuri itakukuta nusu ya njia, na hapo kila rundo la matofali litaanza kufanana na jingine. Kwenye baiskeli unaona vya kutosha na unachoka vya kutosha.

Nilifika huko mwezi wa nane, baada ya mafunzo ya waandishi wa habari jijini Colombo. Mafunzo yalipokwisha wenzangu walikwenda ufukweni. Mimi nimezaliwa Kilwa Masoko. Ufukwe ninao nyumbani, na magofu ya karne ya 12 ninayo ng'ambo ya maji, mwendo mfupi tu wa jahazi. Nilitaka kuona wenzetu wa upande wa pili wa Bahari ya Hindi walikuwa wanajenga nini wakati Kilwa inajenga msikiti wake mkuu, na wanaishije na majengo hayo leo. Nikapanda basi kutoka Kandy, masaa manne ya muziki wa sauti ya juu na honi, nikajiandikisha kwenye safari ya baiskeli yenye mwongozaji.

Jambo jingine nililokwenda nalo lilikuwa mfukoni. Mdogo wangu yuko Muscat, mwaka wa pili sasa, anafanya kazi za ndani. Kila Ijumaa alikuwa ananitumia sauti, hata ya sekunde ishirini: dada nimeamka, dada nimekula, dada leo joto. Siku ile nilipoanza kupiga pedeli ilikuwa siku ya kumi na moja sijasikia kitu. Wanaojua habari za hizi kazi wanajua siku kumi na moja ni nyingi kiasi gani.

Mwongozaji wetu alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, shati la kola lililopigwa pasi na kandambili miguuni. Kabla ya kuniuliza jina aliniuliza umri. Nilipomwambia thelathini na tatu, akasema basi mimi ni nangi, mdogo wake wa kike, na yeye nimwite aiya, kaka. Nikacheka. Ni desturi yetu kabisa: mtu hajakupa hata maji, keshakupa undugu. Waholanzi wawili wa makamo, mume na mke, na kijana wa Kijerumani, wao waliitwa "sir" na "madam" mpaka jioni. Nadhani nilipata kilicho bora.

Baiskeli niliyopewa ilikuwa Lumala, ya chuma, nzito, haina gia, keria nyuma na kikapu mbele. Mtu aliyekulia kwenye Phoenix haihitaji maelezo. Nikapiga kengele mara moja kujaribu, aiya akaitikia kwa yake, tukaondoka.

Nilidhani tunakwenda hekaluni. Alitupeleka kwanza kwenye tuta. Tulipanda kimlima kifupi, na upande wa pili pakafunguka maji, maji mpaka macho yanashindwa, na milima ya buluu kwa mbali. Ndege weusi wamekaa juu ya miti iliyokufa majini, wamekunjua mbawa zikauke. Nilimwambia hii ni ziwa. Akasema hapana, hii ni kazi ya mikono. Inaitwa Parakrama Samudra, Bahari ya Parakrama. Mfalme Parakramabahu wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1153 hadi 1186, aliunganisha mabwawa ya zamani yaliyokuwepo na kuyazungushia tuta la karibu kilomita 14. Kumbukumbu za kale za kisiwa zinamtaja mfalme huyu akiagiza kwamba hata maji kidogo ya mvua yasiachwe yaende baharini kabla hayajamfaa mtu. Katika nyanda hizi mvua kubwa huja kwa miezi michache tu, kuanzia Oktoba hivi, na baadaye ni jua. Anayetaka kulima mara mbili kwa mwaka lazima aiweke mvua akiba kama watu wengine wanavyoweka mahindi ghalani.

"Watu huja kuona mawe," aiya alisema. "Lakini mawe yalijengwa na walioshiba. Kwa hiyo anza hapa."

Historia yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Mji mkuu wa zamani ulikuwa Anuradhapura, uliodumu zaidi ya miaka elfu. Mwaka 993 majeshi ya Wachola kutoka India Kusini yaliuvunja, yakahamishia utawala wao Polonnaruwa. Vijayabahu wa Kwanza aliwatoa mwaka 1070, lakini mji aliubakiza hapo hapo. Parakramabahu akaupamba, na Nissanka Malla, aliyetawala 1187 hadi 1196, akaongeza majengo pamoja na sifa zake mwenyewe kwenye kila jiwe lililokuwa wazi. Mwaka 1215 akaja Magha kutoka Kalinga na jeshi lake. Kitovu cha utawala kikahamia kusini-magharibi, msitu ukaingia mjini, ukakaa humo karne nyingi. Mji mkuu wenye makumi ya mahekalu ulikuwa na umri mfupi kuliko watu wanavyodhani: kama miaka mia mbili na ushei.

Tulipita ikulu ya Parakramabahu, ambayo kumbukumbu zinasema ilikuwa na ghorofa saba na vyumba elfu moja. Zimebaki kuta za matofali, nene kama mita tatu, na matundu ya boriti yanayoonyesha wazi angalau ghorofa tatu. Tumbili walikuwa wamekaa juu ya kuta hizo wakichambuana, wakitutazama kama wenye nyumba. Aiya alituonya tusifungue biskuti. Yule kijana wa Kijerumani alifungua. Sitasimulia zaidi.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi uwanja wa mahekalu wanaouita Dalada Maluwa, Uwanja wa Jino. Jino linalotajwa ni la Buddha mwenyewe. Kwa karne nyingi, aliyelishika jino ndiye aliyehesabiwa kuwa na haki ya kutawala kisiwa, ndiyo maana kila mfalme alilijengea nyumba. Leo liko Kandy, lakini nyumba zake za zamani ziko hapa, na sheria ya kuingia ni ile ile: viatu nje, kofia mkononi, mabega na magoti yamefunikwa. Kuna sheria nyingine ambayo watalii huisahau. Usimpe Buddha mgongo ili upigwe picha. Unaweza kuipiga picha sanamu, lakini usijifanye wewe ndiye mgeni rasmi na yeye pambo la nyuma.

Mimi nilikuwa na ushungi. Kabla ya safari, baba yangu mdogo alinitumia ujumbe mrefu kunikumbusha ghasia dhidi ya Waislamu wilayani Kandy mwaka 2018, na mabomu ya Pasaka ya Aprili 2019 yaliyolipuliwa na kundi la Waislamu wenye siasa kali, na hali ilivyokuwa kwa Waislamu wa kawaida baadaye. Alikuwa na haki ya kuogopa. Basi pale mlangoni, mlinzi aliponitazama kichwani, nikamtazama na mimi. Akanyoosha kidole chini. Viatu tu. Nikavua.

Ndugu msomaji, jiwe la itale lililopigwa na jua la saa tano za asubuhi halina utani. Waholanzi walikuwa wamejiandaa, wakatoa soksi. Mimi na aiya tulitembea peku, harakaharaka, tukirukia vivuli kama watoto wanaocheza kibao. Akaniambia kuungua nyayo kidogo ni sehemu ya ibada. Nikamwambia kwetu mtu huvua viatu akaingia penye mkeka. Akacheka mpaka akashika kiuno.

Jengo zuri kuliko yote pale ni Vatadage, nyumba ya duara. Inainuka kwa majukwaa mawili ya mawe, milango minne inatazama pande nne za dunia, na ndani kila mlango unakukutanisha na Buddha aliyeketi, mgongo wake kwa stupa ndogo iliyo katikati. Paa limekwisha kitambo. Chini ya ngazi kuna jiwe la nusu duara, lililochongwa safu kwa safu. Kule Anuradhapura mawe ya namna hii yana tembo, farasi, simba na fahali. Hapa fahali hayupo. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba fahali ni kipando cha Shiva, na katika mji ambao Wahindu walikuwa wamekaa na kutawala, haikuwa adabu kumweka mnyama wao mahali pa kukanyagwa. Nilichuchumaa pale muda mrefu. Mtu fulani, karne ya 12, alikaa na patasi yake akafikiria nyayo za watu na heshima ya jirani, kisha akaacha kuchonga kitu.

Hatua chache kutoka hapo aiya alinionyesha jiwe lililosimama ambalo makundi mengine yalikuwa yanalipita. Maandishi yake ni ya Kitamil. Yaliwekwa na Velaikkara, askari wa kukodiwa wenye asili ya India Kusini, baada ya kifo cha Vijayabahu, na ndani yake wanajifunga kulilinda hekalu la Jino. Watamil, wengi wao si Wabuddha, wanaapa kulinda kitu kitakatifu kuliko vyote kwa Wasinhala Wabuddha. Aiya alikua wakati wa vita vya kisiwa hicho, vilivyoanza 1983 na kwisha 2009, na wilaya yake ilikuwa ukingoni mwa vita hivyo. Anasema alipita mbele ya jiwe hili utoto wake wote, akilisindikiza darasa, akisindikiza wajomba kutoka kijijini, na hakuna aliyewahi kumsomea. Alijifunza lilichosema alipokuwa anasomea leseni ya uongozaji. "Sasa kila mgeni namsomea," alisema. "Hata asiyeuliza."

Karibu na hapo limelala Gal Pota, Kitabu cha Jiwe, la Nissanka Malla: zaidi ya mita nane, linakadiriwa kuwa na uzito wa tani 25, na maandishi yake yenyewe yanatamba kwamba lilivutwa kutoka Mihintale, ambako ni karibu kilomita mia moja. Yaliyobaki ni sifa za mfalme. Aiya alilipitia kwa sentensi mbili, tukarudi kwenye baiskeli.

Njia ya kwenda kaskazini ndiyo raha ya safari nzima. Unapita hekalu dogo la Shiva la mawe matupu, la enzi ya Wachola, jengo la zamani kuliko yote yaliyosimama pale, na ndani unakuta maua mabichi ya asubuhi hiyo. Unapita Rankoth Vehera, stupa kubwa ya matofali, nyasi zimeota mgongoni mwake. Kisha miti inaachia, na mbele yako kuna kitu cheupe.

Hiyo ni Kiri Vihara, Stupa ya Maziwa. Inasemekana iliachwa msituni miaka mia saba, na walipoondoa mizizi na udongo walikuta chokaa yake ingali juu ya matofali. Niliweka kiganja. Ni chokaa ninayoijua. Kwetu inachomwa kwa matumbawe, huko kwa mawe na magamba, lakini ubaridi wake mkononi ni ule ule wa kuta za Kilwa Kisiwani. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa, akausifu mji na ukarimu wa sultani wake. Mwaka 1344 akafika Sri Lanka, ambayo Waarabu waliiita Sarandibu, akitaka kupanda mlima ambao kileleni kuna unyayo: Waislamu wanasema ni wa Nabii Adam, Wabuddha wanasema ni wa Buddha, Wahindu wanasema ni wa Shiva. Mfalme wa kaskazini, ambaye hakuwa Mwislamu, akampa watu wa kumsindikiza na kumwonyesha njia. Polonnaruwa ilikuwa imekwisha kuhamwa zaidi ya karne moja. Lakini nilipenda kufikiri kwamba mtu mmoja, katika maisha yake, aliyaona macho ya watu wa kwetu na ya watu wa huku, na kwamba naye alihitaji mwongozaji.

Siku ile ilikuwa Poya, siku ya mwezi mpevu. Kila mwezi mpevu nchini humo ni sikukuu, pombe haiuzwi, na watu huvaa nyeupe kwenda hekaluni. Sisi tunaohesabu miezi kwa mwandamo hatuoni ajabu. Ndani ya Lankatilaka, kati ya kuta mbili zenye kimo cha mita 17 zinazoelekea kwa Buddha mkubwa asiye na kichwa, palikuwa na kina mama wameketi chini na vikapu vya maua. Taa za mafuta ya nazi zilikuwa zinawaka kwenye kinara cha chuma. Harufu ya mafuta ya nazi na udi! Ningefumba macho ningejua niko wapi, na ningekosea.

Kibao cha pale kimeandikwa kwamba ni magofu. Gofu lina maana kwamba watu wamekwisha kuondoka. Hao kina mama hawakuwa wameondoka. Buddha hana kichwa, paa halipo, na wao wanakunja miguu na kusoma kana kwamba jana tu palikuwa na sherehe ya kufungua jengo.

Gal Vihara ni mwisho wa watalii wengi, na ni haki yake. Ni mwamba mmoja mrefu wa itale, na ndani yake wamechonga Buddha wanne: mmoja ameketi, mmoja mdogo ameketi ndani ya pango, mmoja amesimama na mikono imepishana kifuani, kimo karibu mita saba, na mmoja amelala ubavu, urefu wa mita 14. Mistari ya mwamba wenyewe, kijivu kwa nyeusi, inapita usoni na mwilini mwao kama mawimbi. Juu wamejengewa paa la chuma kuukinga mwamba na mvua. Kwa muda mrefu watu walisema yule aliyesimama ni Ananda, mwanafunzi, anaomboleza kando ya mwalimu wake anayefariki. Siku hizi wataalamu wengi wanaona ni Buddha mwenyewe, kwa sababu zipo dalili kwamba kila sanamu ilikuwa na chumba chake. Aiya aliyaeleza yote mawili, kisha akasema yeye anajua ushahidi, lakini mama yake alimfundisha kuwa ni Ananda, na kila akimtazama anamwona mtu aliyefiwa.

Akatuonyesha mto ulio chini ya kichwa cha Buddha aliyelala. Umechongwa na kibonyeo kidogo, pale kichwa kinapoulemea. Jiwe, lakini limebonyea. Na nyayo mbili hazikulingana, moja imerudi nyuma kidogo. Ukilala usingizi, alisema, miguu inalingana. Huyu hajalala.

Hapo ndipo aliponunua maua, mafungu mawili ya yungiyungi ya rangi ya zambarau. Moja akanipa. Kule njiani, tulipopumzika na dafu, nilikuwa nimemwambia habari za mdogo wangu, kwa sababu yeye alikuwa ameniambia kwanza habari za mkewe. Mkewe yuko Kuwait, kazi za ndani, tangu 2022. Wana ekari mbili za mpunga. Aprili 2021 mbolea za viwandani zilipigwa marufuku kuingizwa nchini, ghafla, na marufuku ilipolegezwa Novemba msimu ulikuwa umekwisha kuharibika. Mwaka uliofuata nchi ikaishiwa fedha za kigeni, foleni za petroli zikawa za siku nzima, watalii wakatoweka, na mtu mwenye baiskeli akawa tajiri wa mtaa. Tajiri asiye na wa kumbeba, alisema. Wakakaa chini, wakapiga hesabu, akaondoka mke.

"Liweke kwa ajili ya mdogo wako," aliniambia.

Nikamwambia, "Aiya, kwetu hatuweki maua mbele ya sanamu." Nilisema kwa upole, lakini nilisema. Nilikuwa nimejiandaa anikasirikie.

Hakukasirika. Alisema ua haliombi kitu. Anayeliweka anasoma maneno yanayosema hili ua litanyauka, na mwili wangu nao utanyauka vivyo hivyo. Basi. Kinachopatikana ni pin, na pin unaweza kumgawia mwingine, aliye hai au aliyekufa, aliye karibu au Kuwait. Alitafuta neno la Kiingereza la pin hakulipata vizuri. Mimi nililipata la Kiswahili papo hapo, ila sikuwa na wa kumwambia. Thawabu. Bibi yangu alikuwa akimaliza kusoma anataja majina, mmoja mmoja, anawahidi thawabu waliotangulia, na sisi watoto tunasubiri tende huku tukihesabu majina yaliyobaki.

Aliweka fungu lake, akaunganisha viganja, midomo ikasogea. Mimi nilisogea pembeni, chini ya mti, ua mkononi. Nikasoma nilichofundishwa kusoma, nikamtaja mdogo wangu kwa jina lake kamili na jina la baba, kama tunavyofanya tukitaka pasiwe na makosa. Sikujua nilifanyie nini ua. Halikuwa langu la kuweka na halikuwa la kutupa. Bibi mmoja aliyevaa nyeupe, mgongo umepinda, alikuwa anapita na kikapu. Nikampa kwa mikono miwili. Akalipokea kwa mikono miwili, hakuuliza, akaenda akaliweka pamoja na yake.

Yule Mholanzi mke alikuwa anatutazama. Baadaye, tukitafuta viatu, aliniuliza kama nimeshiriki ibada. Nilimjibu kwamba nimempa bibi ua. Ndivyo ilivyokuwa, wala sijapata jibu bora tangu siku hiyo.

Tulirudi kwa njia ya mashamba. Mpunga ulikuwa umeanza kuwa wa dhahabu, majaruba yamepangwa kama vigae, na kando ya kila njia mfereji mwembamba una maji yanayokimbia. Aiya alisimamisha baiskeli kwenye lango dogo la chuma, akaeleza jinsi maji yanavyotoka: kutoka Samudra, mfereji mkubwa, mfereji mdogo, shamba hili siku hii, shamba lile siku ile, kwa zamu, na vikao vya wakulima kabla ya kila msimu kukubaliana tarehe. Maji ya mvua iliyonyesha Desemba yalikuwa yanaingia shambani kwake Agosti, kupitia tuta ambalo mfalme aliagiza zaidi ya miaka 800 iliyopita, lililobomoka na kusahaulika, kisha likafufuliwa karne ya 20. Jumba la ghorofa saba limebaki kuta. Bwawa linalisha watu. Sikuhitaji mwongozaji kunieleza maana ya hapo, naye hakunieleza.

Mdogo wangu alipiga siku mbili baadaye, nikiwa uwanja wa ndege. Kioo cha simu kilivunjika, akasubiri mshahara wa kutengeneza. Nilimgombeza kwanza, halafu nikalia. Habari za ua sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba nimeendesha baiskeli siku nzima na nyayo zimeungua, akacheka, akasema, dada wewe, na umri huo.

Lakini swali lililobaki na mimi ni la aiya, tulipokuwa tunarudisha baiskeli. Aliuliza kama kwetu kuna mahali kama pale. Nikamweleza Kilwa Kisiwani: msikiti wa kuba nyingi, ikulu ya Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, Wareno waliokuja 1505 wakapora, UNESCO iliyoorodhesha mwaka 1981, mwaka mmoja kabla ya Polonnaruwa. Nikamweleza mikoko, na jahazi, na chokaa. Alisikiliza vizuri, kama mtu wa kazi hiyo hiyo.

"Na watu wanaswali pale?" aliuliza.

Nikamwambia wanakijiji wapo, wanaishi kando kabisa ya magofu, na wana msikiti wao mdogo wa kila siku.

"Na maji wanapata wapi?"

Nikamwambia visima. Baadhi ni vya tangu zamani.

Akatikisa kichwa kwa namna yao ile, ya upande kwa upande, ambayo mgeni huidhania kuwa ni hapana.